Barabara Inayojua Kuwa Utakosea

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na akina baba mnaosoma kimya kimya (nawajua, hata msipoandika kitu).

Mmenizoea kwa mambo ya chanjo, homa za usiku, mtoto anayekataa ziwa. Wiki hii naomba mnivumilie, nitawaeleza kuhusu uwanja wa mbio za magari. Ndiyo, yale magari ya Langalanga yanayopiga kelele kwenye tivii Jumapili huku wewe unatafuta rimoti ubadilishe. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Mwaka jana mdogo wangu anayeishi Ubelgiji alijifungua mtoto wake wa kwanza. Mama yetu miguu haimruhusu safari ndefu, basi nikachukua likizo yangu yote nikaenda kumlea mzazi. Niliondoka na kijana wangu wa miaka 11. Binti yangu mdogo nilimwacha kwa bibi yake. Sasa huyu kijana anaijua Langalanga kuliko anavyoijua hesabu, na aliposikia kwamba nyumbani kwa baba yake mdogo ni mwendo wa nusu saa tu kufika Spa-Francorchamps, hakulala.

Lakini kabla sijawapeleka huko, kuna jambo sijawahi kuliandika hapa.

Miezi minane kabla ya safari ile, binti yangu aliungua na uji. Nyumbani kwangu, mimi nikiwepo. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa.

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Saa moja na nusu asubuhi nikaipua sufuria, meza ya jikoni imejaa vyombo, nikaiweka chini nyuma ya mlango. Nikasema dakika moja tu, nifute meza. Jikoni kwetu unaingilia kwenye korido nyembamba, na anayetoka sebuleni haoni kilichopo nyuma ya mlango mpaka awe ameshaingia. Binti yangu alisikia sauti yangu. Hakuwa ameniona tangu jana yake jioni. Akaja mbio kunikumbatia.

Uji ulimmwagikia mkono wa kulia na paja.

Miaka 14 niko kwenye kazi hii. Akina mama niliowafundisha kuhusu kuungua siwezi kuwahesabu. Siku ile nilimbeba mwanangu nikasimama katikati ya jikoni nikipiga kelele kama mtu ambaye hajawahi kuingia hospitali hata siku moja. Jirani aliyekimbia kutusaidia alikuja na dawa ya meno mkononi. Kuiona ile dawa ya meno ndiko kulinizindua, nikamkimbiza mtoto bombani. Kisha tukaanza kutafuta usafiri. Dereva wa bajaji niliyemzoea hapokei simu. Wa pili yuko mbali. Wa tatu alifika, akaingia njia ya barabarani kulikofungwa kwa ujenzi, tukageuza.

Alipona, namshukuru Mungu. Kovu lipo mkononi, na paja lina alama kubwa. Ila kuna maneno ambayo hayajapona: "Na wewe nesi kabisa?" Wengine walilisema hilo kwa mdomo, wengine kwa macho. Mimi nilikuwa najiambia kila nikizima taa: ungekuwa makini.

Lishikeni hilo neno, "makini". Kesho nikitoka zamu nawapeleka milimani.

SEHEMU YA 2

Nilidhani uwanja wa mbio za magari unafanana na uwanja wa mpira: mahali tambarare, unakaa jukwaani unaona kila kitu. Spa-Francorchamps hauko hivyo hata kidogo.

Uko mashariki mwa Ubelgiji, kwenye vilima vyenye misitu vinavyoitwa Ardennes. Mji wa Spa ulio jirani ndio uliotoa hilo neno "spa" mnaloliona kwenye mabango ya saluni na hoteli, maana tangu karne nyingi watu walikwenda pale kuoga na kunywa maji ya chemchemi. Uwanja wenyewe ni barabara ya lami ya kilomita 7.004 inayopita katikati ya miti. Ina kona 19. Siku ya Langalanga madereva wanaizunguka mara 44. Kati ya sehemu yake ya chini kabisa na ya juu kabisa kuna tofauti ya takriban mita 100 kwenda juu. Popote utakaposimama, unaona kipande tu.

Twende pamoja, mzunguko mmoja.

Unaondoka kwenye mstari, na kabla hujachanganya vizuri unakutana na kona ya kwanza, La Source, yaani chemchemi. Ni kona kali inayokugeuza hadi karibu uangalie ulikotoka. Ukishaimaliza, barabara inashuka bondeni. Huko chini kinapita kijito kinachoitwa Eau Rouge, maji mekundu, kwa sababu maji ya eneo lile yana chuma na yanaacha rangi ya kutu kwenye mawe. Gari linavuka kijito likikata kushoto, hapo hapo linaanza kupanda likikata kulia, na likifika kileleni linakata kushoto tena. Huo mpando ndio Raidillon.

Sasa tivii, jamani, inadanganya. Kwenye tivii unaona barabara iliyoinuka kidogo. Siku tuliyokwenda hapakuwa na mashindano, walikuwepo watu wa kawaida waliokuja kujaribu magari yao. Tukasimama jukwaani upande wa Raidillon. Kijana wangu, ambaye huwa hanyamazi, alinyamaza kama dakika mbili. Halafu akasema, "Mama, huu ni ukuta."

Kweli ni kama ukuta. Dereva akiwa bondeni anaona lami mbele yake na mbingu juu yake, basi. Kilichopo ng'ambo ya kilele hakioni mpaka awe ameshafika. Na kukiwa kukavu, magari ya Langalanga hayapunguzi mwendo pale, yanapanda mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho.

Juu ya kilele unatokea kwenye sehemu ndefu iliyonyooka inayoitwa Kemmel, hadi Les Combes, mahali pa juu kuliko pote. Kutoka hapo ni kushuka. Kuna kona ya Bruxelles inayozunguka kama ngazi za ghorofa, kuna Pouhon ambayo ni kona mbili za kushoto zilizoungana, unazipita kwa kasi huku barabara inakuvuta chini. Ukifika upande wa Stavelot uko chini kabisa. Unaanza kupanda tena msituni, unapita Blanchimont kwa mwendo wa kutisha, kisha ghafla unakanyaga breki kwa nguvu kwenye vikona viwili vya mwisho vinavyoitwa Bus Stop. Jina hilo limebaki tangu enzi barabara ilipokuwa ya watu wote na basi likisimama hapo. Unarudi mstarini. Umemaliza mmoja, bado 43.

Kuna jambo jingine kuhusu tabia ya uwanja huu: hali ya hewa. Kwa sababu ni mrefu na umezungukwa na vilima, mvua inaweza kunyesha upande wa Stavelot huku La Source kukiwa kukavu. Dereva anatoka kwenye lami kavu, anaingia kona inayofuata anakuta maji. Wenye watoto watatu mnanielewa. Huku mmoja anacheka, chumba cha pili mwingine ana homa, na wewe ni yule yule.

Nilimuuliza shemeji, "Hivi wanawezaje kuendesha hapa bila kufa?"

Akaniangalia. "Zamani walikuwa wanakufa, dada. Twende nikuonyeshe."

SEHEMU YA 3

Uwanja wa leo ni nusu tu ya ule wa zamani. Barabara ya mwanzo ya mbio, ya miaka ya 1920, ilikuwa na umbo la pembetatu ikiunganisha Francorchamps, Malmedy na Stavelot. Kufikia miaka ya 1960 ilikuwa na urefu wa kilomita 14.1. Ilikuwa barabara ya kawaida kabisa. Siku za mashindano wanaifunga, siku nyingine watu wanapita na ng'ombe wao na maziwa yao.

Kipande kilichobaki nje ya uwanja bado ni barabara ya umma. Shemeji alitupitisha na gari lake dogo, kiti cha mtoto mchanga kikiwa kimefungwa nyuma. Kati ya Malmedy na Stavelot kuna sehemu ndefu iliyonyooka inayoitwa Masta, na katikati yake barabara inapinda kushoto na kulia kidogo, karibu na nyumba za watu. Sisi tulipita taratibu. Niliona mlango wa nyumba, niliona nguzo, niliona ua. Wenzetu wa zamani walikuwa wanapita pale kwa zaidi ya kilomita 250 kwa saa.

Mwaka 1960, katika shindano moja tu la Langalanga kwenye barabara ile, madereva wawili wa Uingereza, Chris Bristow na Alan Stacey, walifariki. Jim Clark, bingwa mkubwa wa enzi hizo, alishinda pale mara nne mfululizo kuanzia 1962 hadi 1965, na alikuwa anaichukia barabara ile. Fikiria mtu anashinda mahali mara nne na bado hapapendi.

Halafu 1966. Dereva kijana kutoka Scotland, Jackie Stewart. Walianza mbio kukiwa kukavu. Mzunguko wa kwanza tu, upande wa pili wa pembetatu, wakakuta mvua kubwa. Magari kadhaa yakateleza. La Stewart lilitoka barabarani pale pale Masta, likapiga nguzo na kibanda, likaishia kwenye uwanja wa nyumba ya mkulima. Amebanwa ndani, usukani umemkandamiza miguu, petroli inavuja inamlowesha mwili mzima. Cheche moja tu ingetosha.

Nani alimwokoa? Hapakuwa na daktari. Hapakuwa na nesi. Hapakuwa na mtu wa zimamoto. Waliomwokoa ni madereva wenzake wawili, Graham Hill na Bob Bondurant, ambao nao walikuwa wameteleza maeneo yale yale. Ili kufungua usukani walilazimika kuazima spana kwa mtazamaji. Ilichukua karibu dakika 25.

Kisha wakampakia nyuma ya gari la mizigo kusubiri gari la wagonjwa. Akafikishwa kwenye chumba cha huduma ya kwanza, akalazwa kwenye machela sakafuni, pembeni yake vipande vya sigara. Na alipopakiwa tena kupelekwa hospitali mjini Liège, dereva wa gari la wagonjwa alipotea njia.

Mama zangu, shemeji alipofika hapo nilimwambia asimamishe gari kidogo. Nilishuka nikasimama pembeni ya barabara. Mvua ya rasharasha, kijana wangu anauliza, "Mama, vipi?" Mimi niko kwenye ile bajaji. Naona ile njia iliyofungwa. Nasikia mwanangu analia mapajani mwangu.

Stewart alipona. Kuanzia hapo alifunga spana kwenye usukani wa gari lake kila shindano, na akaanza kusumbua watu. Alidai mikanda, alidai vizuizi kando ya barabara, alidai madaktari na zimamoto. Wapo waliomwita mwoga. Walisema anaharibu mchezo, kwamba dereva mzuri anatakiwa awe makini asitoke barabarani. Yeye alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1969, kisha 1971, kisha 1973. Kwa hiyo hoja ya kwamba hajui kuendesha haikuwepo.

Mwaka 1969 shindano la Spa halikufanyika, kwa sababu madereva waligoma mpaka usalama urekebishwe. Likafanyika 1970, na hiyo ikawa mara ya mwisho kwa Langalanga kukimbia ile barabara ndefu. Mwaka 1979 ukafunguliwa uwanja mfupi wa sasa, na Langalanga ikarudi 1983.

Angalieni walichobakiza: La Source, Eau Rouge, Raidillon, Kemmel, Blanchimont. Vyote vya zamani. Hawakuusawazisha mlima wala hawakuifanya Raidillon kona ya polepole. Waliondoa nyumba, nguzo na mashamba njiani, na wakabadilisha kinachomsubiri mtu akitoka barabarani.

SEHEMU YA 4

Tuzungumzie hicho kinachomsubiri.

Kando ya kona za uwanja wa leo kuna nafasi pana. Sehemu nyingine ni lami, ili dereva aliyekosea aendelee kupunguza mwendo. Sehemu nyingine ni kokoto nyingi zilizomwagwa makusudi, gari likiingia linazama na kusimama. Mbele zaidi kuna kuta za matairi zinazobonyea, na vyuma, na wavu wa kuwalinda watazamaji. Nilipoelewa hilo nilikaa jukwaani nikiangalia zile kokoto kuliko nilivyoangalia magari.

Kwa sababu kila kokoto pale imewekwa na mtu aliyekubali kwamba dereva atakosea. Madereva bora duniani, wamelala vizuri, wamefanya mazoezi tangu utotoni kwenye vigari vidogo. Bado aliyechora uwanja hakusema "watakuwa makini". Alisema watakosea, pale, pale na pale, sasa tuweke nini.

Sisi mama aliyelala saa tatu, ana mtoto mgongoni na sufuria mkononi, tunamwambia tu awe makini.

Siwadanganyi kwamba uwanja huu umemaliza matatizo. Tarehe 31 Agosti 2019, katika mashindano ya daraja la pili, kijana Mfaransa wa miaka 22, Anthoine Hubert, aliacha njia baada ya Raidillon. Gari lake liligonga kizuizi likarudishwa kuelekea barabarani, na mwenzake aliyekuja kwa kasi akamgonga. Kizuizi kilikuwepo, lakini kilikuwa karibu mno na njia. Baada ya hapo, kufikia 2022, waliufanyia uwanja matengenezo makubwa: wakasogeza vizuizi nyuma, wakapanua nafasi, wakarudisha kokoto kwenye kona kadhaa. Tarehe 1 Julai 2023 Mholanzi wa miaka 18, Dilano van 't Hoff, alifariki kwenye mvua, hapo hapo mbele ya Raidillon.

Miaka 18. Yule alikuwa mtoto wa mtu, kama wangu aliyekuwa amekaa pembeni yangu anakula chipsi.

Kwa hiyo kazi hii haiishi. Unarekebisha kona moja, miaka inapita, unagundua nyingine. Mtoto aliyekuwa anatambaa sasa anasimama, aliyekuwa anasimama sasa anapanda kiti, na kabati ulilodhani liko juu si juu tena.

Na wakati mwingine uamuzi sahihi ni kutokukimbia. Agosti 2021 mvua ilinyesha Spa siku nzima. Watu maelfu wamelowa jukwaani, tivii za dunia nzima zinasubiri. Mwishowe magari yalizunguka mara chache tu nyuma ya gari la usalama, shindano likafungwa, wakapewa nusu ya pointi. Watu walikasirika sana. Lakini kila dereva alilala kwake.

La mwisho ni sisi watu wa afya. Tangu 1978 Langalanga ilipomchukua daktari Mwingereza wa upasuaji wa ubongo, Sid Watkins, mambo yalianza kupangwa kama wodi. Mpaka leo mbio zikianza, gari lenye daktari linafuata nyuma ya magari yote kwenye mzunguko wa kwanza, maana huo ndio wenye ajali nyingi. Helikopta inasubiri. Oktoba 2020, kwenye uwanja wa Nürburgring huko Ujerumani, ukungu uliizuia helikopta ya wagonjwa kuruka, na mazoezi yote ya siku ya Ijumaa yakafutwa. Madereva wapo, magari yapo, barabara ipo. Njia ya kwenda hospitali haipo, basi hakuna kuwasha gari.

Nilipolisikia hilo nilijiuliza swali ambalo nawauliza na nyinyi: usiku huu saa nane, mtoto akiungua, unampigia nani? Akikosekana huyo, nani wa pili? Na njia ni ipi kama ile ya kawaida imefungwa?

SEHEMU YA 5 (ya mwisho)

Tuliporudi Tanzania kijana wangu alichora ramani. Si ya Spa, ile alishaichora mara mia. Alichora nyumba yetu kama uwanja wa mbio. Sebule ndiyo mstari wa kuanzia. Korido ameiita Kemmel. Na mlango wa jikoni ameuandika kwa herufi kubwa: RAIDILLON.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu mtoto akija mbio haoni kilichopo ng'ambo."

Mwanangu wa miaka 11 aliona kwa dakika tano kitu ambacho sisi watu wazima tulipita juu yake miezi minane tukitafuta nani mzembe. Nilikaa nikalia kidogo. Kisha nikachukua kalamu, tukaanza kuweka kokoto.

Haya ndiyo tuliyofanya, na ndiyo ninayowaomba mfanye. Hayahitaji hela nyingi.

Mlango wa jikoni una kizuizi cha mbao kinachofika kiunoni kwangu. Fundi alikitengeneza kwa mbao zilizobaki. Kama unaishi chumba kimoja, kona ya jiko izungushie kreti za soda au benchi, mtoto asifike kirahisi.

Sufuria ya moto ina mahali pake pamoja, juu, nyuma, na pale hapawekwi kitu kingine hata kama meza imejaa. Nikiipua, inajua inakwenda wapi. Chini haikai, hata dakika moja.

Mishikio ya vikaango inatazama ukutani. Kitambaa cha meza kinachoning'inia nimekitoa, maana mtoto akikivuta chupa ya chai inakuja nacho. Chai ya moto sinywi nikiwa nimempakata.

Maji ya kuogea kwenye ndoo: baridi yanatangulia, ya moto yanafuata. Ukianza na ya moto ukaenda kuchota ya baridi, umeacha mlango wa ajali wazi. Mafuta ya taa hayakai kamwe kwenye chupa ya soda.

Na kama mtoto ameungua tayari:

Mtoe kwenye moto. Vua nguo zilizolowa, nepi pia, na bangili au shanga kabla hajavimba. Kitambaa kilichogandia kwenye ngozi usikivute. Mmiminie maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Bomba hakuna? Jagi na ndoo. Barafu hapana. Sehemu nyingine za mwili zifunike asipate baridi. Dawa ya meno, yai, mafuta, asali, unga, vyote hapana. Funika kidonda kwa kitambaa safi, nenda kituo cha afya. Jeraha likizidi kiganja cha mtoto, au likiwa usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, usingoje asubuhi.

Ukutani kwetu, pembeni ya swichi, kuna karatasi yenye namba tatu: bajaji, teksi, na jirani mwenye gari ambaye nilikwenda mwenyewe kumwomba. Hiyo ndiyo spana yangu niliyoifunga kwenye usukani. Stewart hakungoja aazimiwe tena.

Sasa lile neno "makini". Mama mkwe wangu alikuja kutusalimia mwezi uliopita. Yeye ndiye aliyewahi kuniambia "na wewe nesi kabisa?" Alikiona kile kizuizi akauliza ni cha nini. Nilimweleza yote: mlima, kokoto, yule kijana wa 1966 na petroli yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kitu ambacho mume wangu mwenyewe hakuwa anakijua, kwamba yeye naye aliwahi kumwangushia mwanawe wa kwanza chungu cha maharage, mwaka wa kwanza wa ndoa, na hakuwahi kumwambia mtu. Alisingizia mbuzi.

Tulicheka, tukalia, tukapika pamoja.

Siwaambii msiwe makini. Kuweni. Mimi pia najitahidi. Ila kuna siku umakini utaisha, kwa usingizi, kwa simu, kwa mtoto wa pili anayelia, na siku hiyo nyumba ndiyo itakayoamua kama kosa lako ni kishindo au ni kidonda. Kwa hiyo leo usiku, watoto wakilala, piga magoti sebuleni, utembee kwa magoti mpaka jikoni ukiwa na urefu wa mtoto wako. Tafuta Raidillon yako. Ipo.

Kuhusu binti yangu: sasa ana miaka mitatu na kidogo. Asubuhi nikitoka zamu bado anaisikia sauti yangu, bado anakuja mbio kwenye korido, mikono juu, yenye kovu na isiyo na kovu. Sijawahi kumwambia apunguze mwendo.